Duara la Mihogo

Nilianza kubeba mabegi ya gofu mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne. Matokeo yangu hayakuwa ya kuficha wala ya kutangaza. Yalikuwa ya namna ambayo jirani akiuliza, mama hujibu, "Tunamshukuru Mungu," kisha huulizia bei ya nazi. Hapa Chumbageni kijana wa matokeo ya aina hiyo ana njia zake tatu: bodaboda, bandari, au baraza. Mimi nikapata ya nne. Rafiki yangu alikuwa kedi kwenye uwanja wa gofu wa hapa mjini, akaniambia, "Njoo Jumamosi, kuna wageni. Kazi yenyewe bega tu."

Alinidanganya. Begi lina fimbo hadi kumi na nne, na kedi anatakiwa ajue ipi itaombwa kabla haijaombwa, mpira umeangukia wapi hata kama aliyeupiga alikuwa anatazama kwingine, na lini anyamaze. Hili la kunyamaza ndilo lililonifaa zaidi. Mtu anayetaka kuandika riwaya akipewa saa nne za kutembea nyuma ya watu wenye fedha zao, akasikia wanavyozungumza habari za wake na mikopo, kisha akalipwa, hana haki ya kulalamika.

Basi Jumamosi moja ya Septemba 2023 nikapangiwa bwana mmoja kutoka Dar. Umri wake kama miaka thirathini, mwili wa mazoezi, viatu vyeupe pepe. Kulikuwa na shimo moja ambalo sisi makedi tulizoea kuliheshimu, kwa kuwa njia yake inapinda na wengi huishia kwenye majani. Yule bwana hakuipinda. Alichomoa ile fimbo kubwa yenye kichwa kama embe dodo, akapiga juu kwa juu, mpira ukakata kona na kwenda kuanguka mahali ambapo mimi nilikuwa sijawahi kuufuata mpira wa mtu yeyote. Akacheka. Akamwambia mwenzake, "Hivi viwanja vya zamani vimeshakwisha kazi. Vingetiwa makumbusho."

Sijui kwa nini neno lile lilinichoma. Uwanja si wangu, wala babu yangu hakuujenga. Lakini nililibeba pamoja na begi mpaka shimo la mwisho, na jioni nikaenda nalo nyumbani.

*

Babu tunakaa naye. Ni babu wa upande wa mama. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, na wakati ule la kushoto lilikuwa bado linamwonyesha rangi na vivuli. Jioni hukaa barazani na redio yake, na ukitaka kusema naye lazima ungoje taarifa ya habari iishe.

Iliisha, nikamsimulia. Nilidhani atasema vijana wa siku hizi hawana adabu, tukale. Badala yake akazima redio kabisa, jambo ambalo halifanyi hata kwa msiba.

"Anapiga mbali?"

"Sana Babu. Karibu yadi mia tatu."

"Basi huyo," akasema, akitabasamu peke yake, "angeletwa shimo la saba."

Nilijua kwamba Babu aliwahi kuwa kedi utotoni, kama ninavyojua kwamba aliwahi kuugua ndui: habari ya familia isiyo na mtu wa kuiuliza zaidi. Usiku ule niliiuliza. Ilikuwa miaka ya 1950 mwishoni, kwenye shamba moja la mkonge njia ya kwenda Muheza. Mameneja na mainjinia walijitengenezea uwanja wa mashimo tisa kando ya nyumba zao. Wakati huo mkonge ndio uliokuwa fedha ya Tanganyika. Mche ule uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za nailoni zikaharibu bei, mwaka 1967 mashamba mengi yakawa ya umma, mameneja wale wakaenda zao, na uwanja ukabaki na mbuzi. Tisa zote zikawa pori. Hakuna aliyezililia. Hata Babu hakulilia tisa. Alikuwa na yake moja tu.

Lile la saba, alisema, lilikuwa fupi. Yadi kama mia tatu na thelathini, mtu akiliona anacheka. Ila mwisho wake haukuwa na majani kama viwanja vya siku hizi. Ulikuwa na brauni. Nadhani wasomaji wengi hamjawahi kuiona brauni. Mimi pia nilikuwa sijaiona. Ni duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya mashine ili upepo usiuchukue, na ukashindiliwa hadi ukawa kama sakafu. Zamani viwanja vingi vya Afrika Mashariki vilikuwa hivyo, kwa sababu majani laini yanataka maji na mashine na watu, na mchanga unataka ubao na mtoto wa kuuburuta. Mtoto huyo alikuwa Babu. Kila mchezaji alipokaribia kusukuma mpira wake, yeye aliburuta ubao kutoka mpirani hadi shimoni ili kuweka njia sawa.

"Nilikuwa naipiga pasi kama shati la Idi," akasema.

Ujanja wa brauni ya saba ulikuwa hivi. Iliinuka kidogo katikati na kushuka pembezoni, kama bakuli lililofunikwa. Nyuma na kushoto palikuwa na korongo. Mpira ukitoka juu na kuangukia mchanga mgumu haukai. Unaruka kama umekanyaga moto, unateremka, kwaheri. Mahali pamoja tu, upande wa kulia, ardhi ilikuwa na ulimi uliopanda taratibu hadi kwenye mchanga. Mchezaji mwenye akili alipiga kwanza kwenda kulia, kifupi, kisha akauviringisha mpira kupitia ule ulimi. Mchezaji mwenye nguvu alipiga moja kwa moja, akasogea hadi hatua arobaini kutoka shimoni, akafurahi, kisha akaanza kulia. Kuna injinia mmoja, Babu anasema, alivunja fimbo tatu pale katika msimu mmoja, na mtoto aliyeokota vipande alipewa vibao.

Hakuniambia mtoto huyo ni nani. Sikuuliza.

*

Nikashika simu usiku nikaanza kusoma. Nataka niseme kidogo nilichokisoma, maana yule bwana wa Dar hakuwa amesema uongo.

Zamani mpira wa gofu ulikuwa na kiini kilichozungushiwa uzi wa mpira, na ile fimbo kubwa ilikuwa na kichwa cha mti kweli. Vichwa vya chuma vikaingia mwishoni mwa miaka ya 1970, vya titani miaka ya 1990, na mwaka 2000 ukaja mpira mpya usio na uzi ndani. Katika muda mfupi sana karibu kila mchezaji wa kulipwa aliuacha ule wa zamani. Watu wakaanza kuruka mitego ambayo baba zao walikuwa wakiizunguka. Viwanja vikubwa vikatapatapa. Augusta ya Marekani ulikuwa na yadi 6,985. Kufikia mashindano ya 2002 ukawa 7,270. Hata jirani zetu wa Muthaiga, Nairobi, pale ambapo Seve Ballesteros alishinda Kenya Open ya 1978, waliujenga upya uwanja wao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na Desemba ya mwaka huohuo wa 2023, R&A ya Uskochi na USGA ya Marekani, ambao ndio wenye kutunga sheria za mchezo, walitangaza kipimo kipya cha kuuzuia mpira usiende mbali mno. Yaani mashindano ya urefu yamewachosha wenyewe.

Lakini kilichoninyima usingizi ni habari ya uwanja mmoja uitwao Pinehurst namba mbili, huko North Carolina. Uliundwa na Mskochi, Donald Ross, aliyefariki mwaka 1948. Ulikuwa uwanja wa mchanga na vichaka, na mashimo yake yamekaa juu ya vilima vidogo kama mabakuli yaliyofunikwa. Niliposoma hapo nikaketi kitandani. Miaka ikapita, wenye uwanja wakaupamba: wakapanda majani mazito kila mahali, wakaweka mabomba ya kunyunyiza, ukawa kijani ukuta hadi ukuta, ukafanana na viwanja vingine vyote. Mwaka 2010 wakawaita Bill Coore na Ben Crenshaw waurudishe ulivyokuwa. Hawa hawakuongeza mitego. Waling'oa. Zaidi ya ekari 30 za majani ziliondolewa, vichwa vya kunyunyizia maji vikapunguzwa kutoka zaidi ya 1,100 hadi kama 450, mchanga ukatokeza tena. Walitumia picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1943, na wakafuata bomba la kale lililozikwa katikati ya njia ili kujua njia zilikuwa na upana gani. Mwaka 2014 mabingwa wa dunia walipokwenda kucheza pale US Open, wanaume watatu tu walimaliza chini ya idadi ya mapigo iliyowekwa.

Nilikuwa na muswada wangu wa riwaya wakati ule, madaftari makubwa manne, umerudishwa na mchapishaji na mstari mmoja: upunguzwe. Nilikuwa nimekasirika miezi mitatu. Sitasema zaidi juu ya hilo. Ila usiku ule nililitoa daftari la kwanza chini ya kitanda.

Asubuhi nikamwambia Babu, "Twende tukalitafute la saba."

*

Tulikwenda wanne, Babu na makedi watatu, kwa daladala na kisha bodaboda mbili. Mwenyekiti wa kitongoji alitusikiliza kwa makini, akauliza mara mbili kama kuna mwekezaji nyuma yetu, alipoona hakuna akakosa hamu na kuturuhusu. Nyumba za mameneja zimebaki kuta. Pale palipokuwa na uwanja ni nyasi za mbuzi, visiki vya mkonge, na mashamba madogo ya watu.

Babu alishuka akanusa hewa. Akatembea na fimbo yake, mmoja wetu kamshika mkono, akihesabu hatua kutoka kwenye tangi la zamani la maji. Akakanyaga chini. "Hapa."

Tukachimba. Tulichimba toka saa tatu hadi adhuhuri. Udongo mwekundu, mizizi, udongo mwekundu. Babu amekaa kivulini anatuelekeza, "Shuka kidogo, shuka." Kando yetu kulikuwa na shamba la mihogo, na mama mmoja wa makamo alikuwa akitutazama, jembe begani, kwa ile subira ya mtu anayejua kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnazika au mnafukua?"

Tukamweleza. Alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Kwani mnatafuta lile duara?"

Akatupeleka ukingoni mwa shamba lake, hatua kama thelathini kutoka tulipokuwa tumejichosha. Mihogo yake ilikuwa mirefu kunipita, ya afya, isipokuwa mahali pamoja: duara kamili, upana wake kama hatua kumi na mbili, ambamo kila mche ulikuwa umedumaa, majani ya manjano, urefu wa goti. "Tangu marehemu mama yangu," akasema. "Kila mwaka hivihivi. Tumemwaga samadi, tumesoma dua, hapakubali. Wengine wanasema kumezikwa kitu."

Mwenzangu akapiga jembe moja. Chini kidogo tu ya udongo wa juu palikuwa na tabaka jeusi. Nikachota kiganjani nikampelekea Babu. Hakutazama. Alilinusa, akakaa kimya, akalinusa tena. Mafuta yalikuwa yangali yakinuka, kwa mbali sana, kama gereji iliyofungwa.

"Macho haya," akasema hatimaye. Hakusema kumbukumbu. Alisema macho, na sisi tukakubali kuwa ni macho.

Sasa hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu Coore na Crenshaw hawakukuta mtu anakula kwenye uwanja wao. Mama yule alituuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. "Mnataka kufufua uwanja wa wazungu juu ya mihogo yangu ili iweje?"

Nikaanza kueleza habari za historia. Babu akanikatiza. "Mwanangu," akamwambia yule mama, "mimi nilikuwa mtumwa wa duara hilo nikiwa na miaka kumi na moja. Nataka nilione mara moja likiwa safi. Halafu basi."

Mama akamtazama Babu, akatazama mihogo yake iliyodumaa. Alikuwa mtu wa hesabu. Duara lenyewe halimlipi, akasema. Tulichukue hadi masika. Masharti mawili. Tusimwage tone la mafuta jipya kwenye udongo wake. Na kabla ya mvua za masika tuuchimbe mchanga wote mweusi tuuondoe kabisa, tujaze udongo mzuri, ili apande kama sehemu nyingine. Juu ya hayo tumpalilie shamba lote Jumapili mbili.

Tulikubali upesi. Nikikumbuka sasa, naona tulikubali upesi mno.

*

Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya El Niño. Walioishi hapa wanakumbuka. Tuling'oa mihogo midogo, tukautoa udongo wa juu, na mara tatu mvua ilitujazia bwawa. Mchanga wa zamani tuliupepeta, tukaongeza wa mtoni, na kwa kuwa mafuta yalikatazwa tukawa tunaumwagia maji na kuushindilia kwa pipa lililojazwa maji, tukilisukuma watu wanne. Ule mwinuko wa bakuli Babu aliupima kwa kiganja, akitambaa. Nasema kweli, mzee wa miaka sabini na zaidi anatambaa kwenye mchanga, anapapasa, anasema, "Hapa mmenenepesha, punguza." Ulimi wa upande wa kulia hatukuujenga, ulikuwepo chini ya nyasi siku zote, ukangoja fyekeo. Lile korongo la kushoto na nyuma lilikuwa limejaa mihogo ya mama. Nilimwambia Babu kwa masikitiko. Akasema ni bora zaidi, kwa kuwa kwenye korongo mpira ulikuwa unaonekana.

Shimo tulilitia kopo la maziwa ya unga.

Yule bwana wa Dar nilimpata tena Januari. Nilimwambia habari zetu nikitegemea atanipuuza, lakini nadhani wachezaji wa gofu wana udhaifu mmoja: ukiwaambia kuna shimo liwezalo kuwashinda hawalali. "Nikilishinda?" akauliza. Nikasema tutambebea begi bure mwaka mzima. "Nikishindwa?" Nikasema pilau, ya watu wote watakaokuwepo. Sikujua kwamba watakuwepo sitini.

Ilikuwa Februari 2024, Jumapili, kaskazi inavuma, ardhi kavu. Alikuja na gari na mwenzake. Akatazama kutoka mwanzo wa shimo hadi kwenye kijiti chetu cha bendera, akapima kwa jicho. "Hili?" akasema. Watoto wamekaa kwenye visiki, mama mwenye mihogo ana mwavuli.

Akapiga. Mpira mzuri mno, siwezi kuudhulumu, ulikwenda ukasimama kama hatua arobaini mbele ya brauni, upande wa kushoto. Watu wakapiga makofi. Babu, aliyekuwa amesimama karibu yangu, akauliza, "Upo wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari.

Pigo la pili lilikwenda juu, likaangukia katikati ya brauni, likaruka kama panzi, likaingia mihogoni. Watoto wa mama wakalikimbilia. Baadaye niligundua walikuwa wakiuza mipira kwa shilingi mia tano mmoja, kumwuzia mwenyewe. Pigo la tatu kutoka mihogoni likavuka upande wa pili. La nne likapanda, likasita juu ya bakuli, watu wote wakashusha pumzi, kisha likaanza kurudi polepole hadi miguuni pake. Alimaliza kwa saba. Alikuwa amelowa jasho, na nilivyomzoea nilidhani atatukana.

Badala yake akamgeukia Babu. "Mzee, linachezwaje hili?"

Babu akamwonyesha kwa fimbo yake upande wa kulia, akamkadiria hatua, akamwambia asiitumie ile fimbo ya kichwa kikubwa. Bwana akarudi mwanzo, akachukua fimbo ya chuma, akapiga pigo la kitoto kwenda kulia. La pili akaliviringisha juu ya ulimi, likapanda likakaa. Mawili ya kusukuma. Nne. Alinyanyua mikono kama aliyeshinda kombe, na pilau akalipa vilevile.

Watu walipokuwa wanatawanyika kwenda kwenye sufuria, Babu akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kushika fimbo. Ndipo nikajua. Miaka yote ile, asubuhi na jioni, aliburuta ubao kwenye brauni ya saba, na hakuwahi kusukuma mpira juu yake hata mmoja. Kedi aliyekutwa na fimbo mkononi alifukuzwa siku hiyohiyo.

Nikamwekea mpira hatua tano. Hakuliona shimo. Nikaenda nikachuchumaa karibu nalo, nikawa nagonga kopo kwa kijiti ili asikie. Kabla ya yote alitaka ubao. Akauburuta mwenyewe, kutoka mpirani hadi kwenye mlio, taratibu, mgongo umeinama, akarudi akasimama.

Akasukuma. "Umeingia?"

"Haujaingia Babu. Umepita kulia kidogo."

"Rudisha."

Mara ya pili ulifika nusu njia. Mara ya tatu kopo lililia lenyewe, hakuhitaji kuniuliza.

*

Siku chache kabla ya Ramadhani, mwezi wa Machi, mama alituma ujumbe kwamba mawingu yameanza kukaa. Wenzangu wakanichagua mimi niende kumwomba, kwa kuwa ndiye mwenye maneno. Nilikuwa na maneno kweli. Nilikuwa nimeshapanga habari za watalii, za vijana wa kitongoji kujifunza, nikaenda nayo yote. Alinikaribisha uji. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, mlisema mpaka masika."

Nikakaa. Niliangalia huku na huku nikitafuta jibu. Mjukuu wake alikuwa anaandika hesabu juu ya mfuko wa simenti, daftari lilikwisha.

Tuliuchimba wenyewe. Toroli moja ya kuazima, safari sitini na moja, nilizihesabu. Mchanga mweusi tulikwenda kuumwaga kwenye mashimo ya barabara ya kitongoji, ukakaa vizuri sana. Tukajaza udongo kutoka kwenye kichuguu. Mama akatuonyesha namna ya kulaza vipando vya mihogo, siyo wima kama tulivyodhani, na mimi nikapanda safu ya mwisho, ile inayopita palipokuwa na kopo. Kopo lenyewe lipo nyumbani, ndani yake naweka kalamu.

Babu hakuwepo. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga, na tulikuwa tunangoja zamu ya kupasuliwa. Jioni nilirudi na matope. Alinusa akauliza, "Mmelimwagia maji?" Nikasema ndiyo. Lilitoka tu, jepesi kama salamu. Nilikusudia kumweleza baada ya futari ya kwanza, kisha baada ya Idi.

Juni yake US Open ilirudi Pinehurst. Niliitazama kwenye simu, usiku wa manane, kifurushi kikiyeyuka. Rory McIlroy alikuwa mbele, akakosa msukumo wa karibu kabisa shimo la kumi na sita, akakosa mwingine wa karibu la kumi na nane. Bryson DeChambeau, mtu wa nguvu kuliko wote, alishinda kwa pigo moja, na alishinda kwa kutoka mchangani, mbali, kwa mkono wa upole. Asubuhi ilikuwa Idi ya kuchinja. Nikamkuta Babu barazani na kanzu yake mpya, nikamsimulia yote, pigo kwa pigo, maumbo ya vile vilima, namna mipira ilivyokuwa ikirudi miguuni. Alifurahi sana. Akasema, "Kumbe na wao wanalo."

Kisha akasema, "Na letu je? Jumapili unipeleke."

Nikamwambia njia bado mbovu, mvua hazijakwisha. Akanyoosha mkono nje ya baraza, akauacha pale muda, akaurudisha mkavu. Hakusema kitu. Akawasha redio.